Chembe za Atomu na Saa ya Kuagana

Mto Lukuga unapita katika nchi ya Nyunzu. Unatoka katika ziwa Tanganyika hapo Kalemie, unaelekea magharibi, unaingia Lualaba, na maji yake yanakwenda mpaka baharini. Leo watoto wa shule wanalijua jambo hilo. Lakini zamani lilileta ugomvi mkubwa kati ya wasafiri.

Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika kwenye mdomo wa Lukuga. Aliona maji yanatoka ziwani polepole, katikati ya majani na matope, akasema: huu ndio mlango wa ziwa. Mwaka 1876 akaja Stanley, akapima, akaona maji hayatoki kama mto utokavyo, akakataa maneno ya mwenzake. Mwaka 1879 akaja Edward Hore, mmisionari wa Kiingereza, akaukuta mto unakwenda kwa nguvu na kishindo. Je, nani alisema uongo? Hakuna. Ziwa lilikuwa limepanda, likavunja kizuizi cha matope na majani, likafungua njia. Kila msafiri alishuhudia yale ya saa yake.

Wataalamu wa atomu wana shida kama hiyo. Wao hugonganisha viini vya atomu kwa nguvu nyingi mno, ili wajue vitu vilikuwaje katika saa ya kwanza ya mgongano. Lakini chembe wanazozikamata katika vyombo vyao hazikutoka moja kwa moja katika saa ile. Njiani zimekutana na wenzake, zimesukumana, nyingine zimegeuka, ndipo zikaagana. Basi habari zinazoleta ni habari za saa ya kuagana. Watu walijifunzaje kurudi nyuma, kutoka saa ya mwisho mpaka saa ya kwanza? Hiyo ndiyo historia tutakayoieleza hapa, nayo Kongo ina mahali pake ndani yake.

Jiwe la Katanga

Mwaka 1896 Mfaransa Henri Becquerel aligundua kwamba madini ya urani hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho. Miaka miwili baadaye Pierre na Marie Curie waligundua radiumu. Mwaka 1911 Ernest Rutherford, katika mji wa Manchester, alieleza kwamba atomu ina kiini katikati yake. Kiini hicho ni kidogo mno, lakini karibu uzito wote wa atomu umo ndani yake. Kama atomu ya urani ingekuwa na upana wa kilomita moja, kiini chake kingekuwa kama ndimu. Ndani ya kiini mna chembe za aina mbili, protoni na nyutroni, zimebanana sana.

Mwaka 1915, mwaka ule ule reli ya kutoka Kabalo, ipitayo Nyunzu, ilipofika ziwani, Mwingereza Robert Sharp alivumbua mawe ya urani huko Shinkolobwe, karibu na Likasi. Kazi ya kuchimba ilianza mwaka 1921. Mawe yalipelekwa Olen, nchini Ubelgiji, ili kutoa radiumu ya kutibu ugonjwa wa kansa. Urani yenyewe ilithaminiwa kidogo tu. Watu waliitumia kutia rangi vioo na vyombo vya udongo.

Hali hiyo iligeuka ghafula. Mwezi wa Desemba 1938, huko Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann waliona ajabu katika urani iliyopigwa na nyutroni. Lise Meitner na Otto Frisch wakaeleza maana yake: kiini cha urani kimepasuka vipande viwili, na katika kupasuka kimetoa nguvu nyingi. Mwaka 1940 Bwana Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, aliagiza zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe zipelekwe New York. Mwezi wa Septemba 1942 jeshi la Marekani liliyanunua. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa katika kazi ile ya siri ya Wamarekani ilitoka Kongo. Tarehe 6 Agosti 1945 mji wa Hiroshima uliangamizwa, na makumi ya maelfu ya watu wakafa.

Katika vitabu vingi majina ya wataalamu yameandikwa, na ya majenerali pia. Majina ya watu waliochimba na kubeba mawe yale hayakuandikwa. Jiwe lilipofika New York lilikuwa limepita katika mikono mingi, lakini aliyelipokea huko hakuiona mikono hiyo. Mashimo ya Shinkolobwe yalifungwa karibu na uhuru wa mwaka 1960. Baadaye watu waliingia tena kuchimba kwa mikono. Mwezi wa Januari 2004 serikali ilikataza kazi hiyo, na mwezi wa Julai mwaka huo sehemu ya machimbo iliporomoka, ikaua watu.

Swali la Fermi na jibu la Pomeranchuk

Kati ya wataalamu waliofanya kazi Marekani wakati wa vita alikuwamo Mwitalia Enrico Fermi. Yeye ndiye aliyeongoza kazi ya kuwasha mtambo wa kwanza wa atomu, huko Chicago, tarehe 2 Desemba 1942. Vita ilipokwisha alirudia maswali ya elimu. Mwaka 1950 aliuliza hivi: protoni mbili zikigongana kwa nguvu nyingi sana, kutatokea nini?

Watu walikwisha kujua kwamba kutatokea chembe mpya. Nguvu ya mgongano hugeuka kuwa vitu, kama Einstein alivyofundisha. Mwaka 1947 Cecil Powell na wenzake wa Bristol walikuwa wamegundua chembe iitwayo pioni, nayo ndiyo huzaliwa kwa wingi katika migongano hiyo. Lakini zitazaliwa pioni ngapi? Fermi alifikiri kwamba nguvu yote hujikusanya mahali padogo, hugawanyika upesi kama joto ndani ya chungu, na idadi ya chembe huamuliwa pale pale.

Mwaka 1951 Mrusi Isaak Pomeranchuk alitoa neno. Alisema: Pioni si vitu vinavyopishana kimya. Zikibanana mahali padogo zitazidi kugongana. Nyingine zitakufa na nyingine zitazaliwa. Basi hatuwezi kufunga hesabu katika saa ya kwanza. Hesabu itafungwa baadaye, wakati chembe zitakapokuwa zimetawanyika hata moja isiweze kuifikia nyingine.

Maneno hayo machache yalikuwa mwanzo wa elimu ya hatua ya mwisho ya mgongano. Miaka miwili baadaye Mrusi mwingine, Lev Landau, aliongeza kwamba kabla ya kutawanyika, chembe hizo huenda pamoja kama maji yatiririkavyo. Kwanza ni mkondo mmoja. Halafu mkondo unakwisha, na kila chembe inakwenda peke yake.

Kupima moto usioonekana

Jambo likawa: tutajuaje ukubwa wa mahali hapo pa kuagana? Hakuna rula wala darubini iwezayo kupima kitu kidogo namna ile. Msaada ulitoka kwa watu waliochunguza nyota. Mwaka 1956 Robert Hanbury Brown na Richard Twiss walipima upana wa nyota Sirius kwa kulinganisha mwanga uliopokelewa na vyombo viwili vilivyowekwa mbali kidogo.

Haukupita muda mrefu, huko Berkeley, Marekani, Gerson Goldhaber na mkewe Sulamith walikuwa wakichunguza migongano ya chembe nyingine. Waliona jambo wasilolitazamia. Pioni mbili za aina moja hupenda kutoka zikielekea karibu upande mmoja, kuliko pioni za aina mbalimbali. Mwaka 1960, pamoja na Wonyong Lee na Abraham Pais, walieleza sababu. Ndiyo tabia ya pioni: zikiwa sawa kabisa, hufuatana. Na kadiri chimbuko lao lilivyo dogo, ndivyo alama ya kufuatana huko inavyokuwa pana zaidi. Kwa hiyo, ukipima alama hiyo, umepima chimbuko.

Lakini tuangalie vizuri: chimbuko gani limepimwa? Si mahali moto ulipowashwa. Ni mahali pioni zilipoagana. Aliyesahau jambo hilo angedhani amepima mwanzo, kumbe amepima mwisho.

Soko linapokwisha

Baadaye watu waliacha kugonganisha protoni peke yake, wakachukua viini vizima vyenye protoni na nyutroni nyingi. Katika miaka ya 1970 kazi hiyo ilifanyika Berkeley. Mwaka 1986 ilianza CERN, karibu na Geneva, na mwaka 1994 CERN ilianza kutumia viini vya risasi, madini mazito. Mwaka 2000 ukaanza kazi mtambo mwingine, RHIC, karibu na New York, ambao uligonganisha viini vya dhahabu. Na mwezi wa Novemba 2010 CERN iligonganisha viini vya risasi katika mtambo wake mkubwa, LHC, ulio katika handaki la mviringo la kilomita 27 chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa.

Viini viwili vya risasi vinapogongana huko, protoni na nyutroni zinayeyuka. Zinabaki chembe zilizo ndogo zaidi, yaani kwaki, pamoja na gluoni zinazozifunga. Huo ni mchuzi wenye moto kupita kiasi. Kisha mchuzi unapanuka na kupoa. Ukifika karibu digrii milioni milioni mbili, kwaki zinashikana tena, zinakuwa pioni, protoni na chembe nyingine. Hata hapo joto bado linalipita joto la moyo wa jua zaidi ya mara laki moja.

Yanayofuata tuyafananishe na siku ya soko. Saa zinapofika alasiri, kuuza na kununua kunakwisha. Mwenye mihogo amebaki na mihogo yake, mwenye samaki na samaki wake. Mali haibadiliki tena mikono. Lakini watu hawajaachana. Njia ni moja na nyembamba, wanasukumana mabega, mmoja anaharakishwa, mwingine anacheleweshwa. Mwisho wanafika njia panda, kila mtu anashika njia ya kwao.

Ndivyo zilivyo chembe. Kwanza inakuja saa ya kufunga hesabu: tangu hapo idadi ya kila aina inabaki karibu ile ile. Halafu chembe zinaendelea kusukumana, na mwendo wa kila moja unabadilika. Joto linaposhuka mpaka kama digrii milioni milioni moja, ndipo saa ya kuagana. Mwaka 2011 wataalamu wa chombo kiitwacho ALICE, huko CERN, walitoa vipimo vyao, kwa ile ile njia ya akina Goldhaber. Mahali pa kuagana palikuwa kama mara mbili ya pale palipoonekana RHIC. Na tangu kugongana hata kuagana, muda ni mfupi hata mwanga wenyewe haupiti sehemu moja ya elfu ya upana wa atomu.

Mashahidi wawili

Msomaji atauliza: wanajuaje kwamba chembe husukumana kweli baada ya hesabu kufungwa? Labda zinaagana mara moja. Swali hilo ni zuri, na jibu lake limetoka kwa mashahidi wawili.

Shahidi wa kwanza ni chembe iitwayo K-nyota. Maisha yake ni mafupi sana. Huvunjika wakati msongamano bado ungalipo, ikatoa vipande viwili, kaoni na pioni. Shahidi wa pili huitwa fai. Huyu huishi zaidi ya mara kumi kuliko mwenzake, hata mara nyingi huvunjika akiwa amekwisha kutoka nje.

Chembe hizo mbili hazikamatwi zenyewe. Wataalamu hukamata vipande vyao na kuviunganisha, kama mtu aliyepokea nusu mbili za barua iliyochanwa. Nusu zikilingana, barua inasomeka. Lakini kama wale wajumbe wawili, kila mmoja na nusu yake, wamepita katikati ya watu wengi wakasukumwa na karatasi zikaharibika, nusu hazitalingana tena. Barua ilikuwako, lakini haisomeki.

Basi, kama kusukumana kupo, K-nyota zitaonekana chache kuliko inavyotazamiwa, na fai hazitapungua. Vyombo viwili, STAR huko RHIC na ALICE huko CERN, vilihesabu. Ikawa hivyo. Katika migongano ambayo viini vimekutana uso kwa uso, na msongamano ni mkubwa, K-nyota zilipungua kwa kulinganishwa na kaoni. Fai hazikupungua. Kupungua huko kukawa ushuhuda: hata kinachokosekana hueleza habari, kwa mtu ajuaye kingalipaswa kuwapo.

Hapo tunaona faida ya kazi hii ndefu. Wataalamu hawakuitupa habari ya saa ya mwisho kwa sababu si habari ya mwanzo. Wala hawakuipokea ovyo. Walijifunza yaliyotukia njiani, wakayatoa katika hesabu, wakakaribia mwanzo.

Padri Lemaître na mwanga wa zamani

Ulimwengu wenyewe nao ulikuwa na saa zake za kuagana. Padri Georges Lemaître, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji, aliandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka. Mwaka 1931 alitoa wazo kwamba ulianza kama atomu moja ya asili, ikapasuka. Wataalamu wa leo hawaelezi mwanzo sawasawa kama yeye, lakini njia aliyoifungua ndiyo wanayoifuata. Wanasema kwamba katika sehemu ndogo ya sekunde ya kwanza vitu vyote vilikuwa mchuzi wa kwaki na gluoni, kama ule unaotengenezwa CERN kwa kitambo kidogo.

Miaka kama 380,000 baada ya mwanzo, ulimwengu ulipoa vya kutosha, na mwanga ukaagana na vitu. Mwanga huo bado unasafiri. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, Marekani, waliupokea katika antena yao. Padri Lemaître aliletewa habari hiyo akiwa mgonjwa, siku chache kabla ya kufa kwake tarehe 20 Juni 1966. Mwanga ule pia ni shahidi wa saa ya mwisho: unaonyesha mahali ulipoagana na vitu, wala hauonyeshi saa ya kwanza.

Padri huyo alijua mpaka wa ushahidi. Mwaka 1951 Baba Mtakatifu Pius XII alipozungumza juu ya elimu hiyo na habari ya uumbaji, Padri Lemaître hakupenda wazo lake lifanywe uthibitisho wa imani. Alishika kwamba elimu ya nyota ina njia yake, na imani ina njia yake. Hakuogopa elimu, wala hakuipa kazi isiyo yake.

Na sisi je?

Jiwe la Katanga lilitoka likiwa jiwe tu, lakini elimu yake nayo ilifika Kongo. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa karibu na Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Mkuu wake alikuwa Monsinyori Luc Gillon, padri aliyesomea elimu ya viini vya atomu. Mwaka 1959 mtambo mdogo wa atomu uliwashwa hapo Lovanium, nao ulikuwa wa kwanza katika Afrika yote. Haukuwa wa silaha, bali wa mafunzo na uchunguzi. Mwaka 1972 ulifuatwa na mwingine wenye nguvu zaidi. Huo wa pili ulisimamishwa mwaka 2004, mwaka ule ule wa maafa ya Shinkolobwe.

Hata hivyo njia haikufungwa kwa Waafrika. Wataalamu wa Afrika Kusini, wa Cape Town na wa maabara ya iThemba, wameshiriki katika kazi ya ALICE. Tangu mwaka 2010 kuna shule ya fizikia inayohama kutoka nchi hata nchi katika Afrika kwa ajili ya vijana wa vyuo. Mwaka 2016 ilikutana Kigali, jirani zetu hapa.

Kijana wa Nyunzu anayependa hesabu asidhani basi kwamba mambo haya ni ya watu wengine. Watu wa nchi yake walikuwa mwanzoni mwa njia, hata kama habari ilipofika mwisho majina yao yalikuwa yamekwisha kupotea. Wazee waliofanya kazi katika machimbo na katika reli wanazidi kupungua kila mwaka. Wana na wajukuu wao wangali wanayakumbuka waliyosimuliwa. Kazi ya kwanza ya kijana huyo haihitaji mtambo wowote: akae nao, awaulize, aandike majina, kabla hayo nayo hayajawa kama barua isiyosomeka.